Kabla Hujaposti: Kwa Anayesimamia Jina la Mtu Mwingine

Mwenye mgahawa, msanii wa Bongo Fleva, hospitali binafsi, hata shirika la kijamii: siku hizi wote wakitaka kujulikana humtafuta kijana anayeijua Canva na anayeandika Kiswahili kisichochosha. Humpa nywila ya Instagram, humwambia "tupandishe," basi. Kijana anaanza kuposti siku hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye wafuasi wameongezeka, mteja anatabasamu, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua ukurasa ule ulifunguliwa kwa barua pepe ya nani.

Nakuandikia wewe uliyepewa nywila hiyo. Umeitwa afisa uhusiano, msemaji, au meneja wa mitandao. Jina la cheo si hoja. Nina neno moja tu kwako, mengine yote ni matawi yake. Kusema kumekuwa rahisi mno kiasi kwamba hakuna atakayekulipa vizuri kwa kusema peke yake. Utalipwa kwa kutunza vilivyo vya mteja na kwa kusikiliza anavyosemwa. Vifaa vya mtandaoni, tena vingi vya bure, vinafaa sana kwa kazi hizo mbili, lakini wengi wetu tumevigeuza kipaza sauti tu.

Tuanze na umiliki. Kaa na mteja, chukueni daftari, mwandike kila kitu chenye jina lake mtandaoni: Facebook, Instagram, TikTok, YouTube, X, tovuti, namba ya WhatsApp, na eneo lake kwenye ramani ya Google. Kando ya kila kimoja andikeni barua pepe na namba ya simu iliyokifungua, na watu wenye uwezo wa kuingia. Majibu huwa yanatisha. Ukurasa ulifunguliwa na mpwa ambaye sasa yuko Mwanza na hapokei simu. Tovuti imesajiliwa kwa jina la fundi aliyeitengeneza. Namba ya WhatsApp ambayo wateja wote wameihifadhi ni laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha karani aliyeacha kazi.

Hili la laini Watanzania wengi hawaliwazi. Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, mwenye laini ni yule ambaye vidole vyake vipo kwenye mfumo. Yule karani akienda kwa wakala kesho na kudai laini yake, atapewa, na ana haki. Wateja wa biashara watamfuata yeye bila kujua. Kampuni iliyosajiliwa inaweza kusajili laini kwa jina lake, na mfanyabiashara asiye na kampuni aisajili kwa jina lake mwenyewe, hata kama simu inashikwa na mwingine. Kuendelea kulipia matangazo juu ya namba au ukurasa wa mtu mwingine ni kujenga ghorofa kwenye kiwanja kisicho na hati.

Kwa Facebook na Instagram, acheni kugawana nywila. Meta ina sehemu maalumu ya biashara ambako ukurasa unawekwa chini ya jina la biashara, kisha kila mfanyakazi anapewa ruhusa kwa akaunti yake mwenyewe: huyu ajibu ujumbe, yule aposti, yule mwingine alipie matangazo. Akiondoka, unaondoa ruhusa, nywila haiguswi. Wenye ruhusa kamili wawe wawili, na mmoja wao awe mwenye mali, hata kama hajui kuposti picha. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na msimbo uje kupitia programu maalumu kuliko kupitia ujumbe mfupi, kwa sababu wezi wanaohamisha laini za watu ujumbe mfupi ndiyo wanaoutafuta. Zile namba za dharura ambazo mfumo hukupa siku ya kwanza zichapisheni kwenye karatasi, mzifungie pamoja na leseni ya biashara. Kazi yote hii inamalizika kwa alasiri moja. Haina utamu, haionekani kwa wafuasi, na ndiyo inayonitenganishia msemaji na mpiga debe.

Jina lenyewe nalo lina hati yake. Wateja wengi hudhani wakishasajili jina la biashara BRELA wamelilinda. Usajili wa jina la biashara ni jambo moja, usajili wa alama ya biashara ni jingine, na cha pili ndicho kinachokupa nguvu ya kumzuia mwingine kuuza bidhaa kwa nembo inayofanana na yako. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, yapo 45 kwa jumla, kwa hiyo mwenye sabuni aliyejilinda kwenye sabuni hajajilinda kwenye saluni. Kwa Tanzania Bara ulinzi wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na cheti cha Bara hakivuki bahari. Kenya mlango ni KIPI, na muda ni miaka 10. Wewe si wakili, usijifanye, lakini uwe wa kwanza kuuliza swali hili kabla mteja hajachapisha fulana elfu moja. Na ukiwa hapo, mdai fundi wa grafiki faili la asili la nembo, lile linalokuzwa hadi ukubwa wa bango la barabarani bila kuvunjika. Picha iliyookotwa kwenye WhatsApp haikuzwi hata kwa kalenda.

Linalofuata ni kabati la picha. Mhariri wa gazeti hakupigii simu kwa wakati unaokufaa. Hupiga jioni ukurasa unapofungwa, anataka picha ya mkurugenzi na tahajia sahihi ya jina lake. Ukimwambia "nipe hadi kesho," atatumia picha ya zamani aliyoikuta mtandaoni, ile ya mkurugenzi akiwa amefumba macho kwenye harusi. Tengeneza folda kwenye Google Drive iliyo wazi kwa mwenye kiungo: picha chache nzuri, kubwa, kila moja na maelezo yake, nani ni nani kuanzia kushoto, ilipigwa wapi na mwaka gani, na mpiga picha ni nani. Ongeza wasifu mfupi wa aya moja na mrefu wa ukurasa mmoja. Ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa, na mhariri wa picha atakulaani kimoyomoyo.

Kabla picha ya mtu haijaingia kwenye folda hiyo, uwe na ridhaa yake kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na si mapambo. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ya Kenya ilikitoza kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa. Shule moja ilitozwa zaidi ya milioni 4 kwa picha za watoto. Picha ya mlaji akicheka mezani ni tangazo zuri sana, mpaka huyo mlaji awe alimwambia mkewe yuko Morogoro.

Sasa kusikiliza. Fungua Google Alerts, andika jina la mteja ndani ya alama za kunukuu, na uandike pia yale makosa ambayo watu huyafanya kila siku: jina bila herufi h, l mahali pa r, kifupi chake cha mtaani. Waswahili hatuandiki majina ya kampuni kama yalivyo kwenye cheti, tunayaandika tunavyoyatamka. Kampuni ya simu iliyokuwa Kencell nchini Kenya ikawa Celtel, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, na kwa muda mrefu kila jina jipya liliishi pamoja na la zamani midomoni mwa watu. Tigo ya Tanzania ilijiita Yas mwishoni mwa 2024; msemaji anayefuatilia neno "Yas" peke yake hasikii nusu ya mazungumzo.

Google Alerts haioni kinachosemwa ndani ya Instagram wala TikTok, hivyo huko utaingia mwenyewe. Tafuta jina la mteja JamiiForums. Soma maoni yaliyo chini ya kurasa kubwa za habari na za udaku kuliko yale ya chini ya ukurasa wenu, kwa sababu kwenu watu huja na adabu, kwingine husema wanachokifikiri. Soma pia anavyosemwa mshindani. Ukiona malalamiko ya aina moja yanarudi kutoka kwa watu wasiojuana, kwamba mizigo inachelewa, kwamba dada wa mapokezi ana dharau, usikimbilie kuandika posti ya kulisafisha jina. Peleka orodha hiyo kwa mwenye biashara, mkiwa wawili tu. Msemaji ambaye hawezi kumpelekea bosi habari mbaya atamalizia kazi yake kwa kuupelekea umma habari za uongo.

Taarifa kwa vyombo vya habari bado ina nafasi, ingawa wengi wanaizika. Ina zaidi ya miaka 100: Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilianguka kutoka darajani karibu na Atlantic City, Marekani, na Ivy Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni hiyo, badala ya kuficha akawaandikia waandishi kilichotokea na kuwasaidia kufika eneo la ajali. Kwa mabwana wa reli wa enzi zile ilikuwa kama wazimu. Taarifa nyingi ninazoziona leo zimerudi nyuma ya 1906. Aya ya kwanza ni mkurugenzi "akifurahi kutangaza," ya pili ni historia ya kampuni, na habari yenyewe imejificha kwenye ya nne.

Andika hivi: nani amefanya nini, wapi, lini, na msomaji wa Mwananchi au Taifa Leo inamhusu vipi, yote ndani ya sentensi mbili za mwanzo. Nukuu iwe ya mtu anayeongea, isiwe ya kamati. Iweke taarifa ndani ya barua pepe yenyewe ili mwandishi aweze kunakili, usimfungie kwenye PDF yenye muhuri. Kama chombo kinachapisha kwa Kiswahili, tuma Kiswahili. Anayetuma Kiingereza amempa mwandishi kazi ya ziada na ameacha hatima ya maana yake mikononi mwa mtu mwenye haraka. Orodha yako ya waandishi iwe fupi na hai. Mwandishi wa michezo hataki habari za bima. Na ujue orodha ya matangazo ya WhatsApp humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, tena si zaidi ya watu 256; kama hawakuhifadhi, unajisemea peke yako.

Kuhusu bahasha nitasema kifupi, maana kila mtu anajua. Nauli ya mwandishi uliyemwita kijijini ni jambo la kuzungumza waziwazi na chumba chake cha habari. Fedha ya kununua habari itakununulia habari leo, na kesho atakuja mwenye bahasha nene zaidi kununua habari dhidi yako.

Kisa ambacho ningependa kila anayeanza kazi hii akijue kilitokea jirani zetu. Mwanzoni mwa Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi. Sababu haikuwa ya ajabu: viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, na UVIKO-19 ilikuwa imechelewesha mizigo. Wateja wangenuna siku mbili, wangesahau. Kisha likaulizwa swali ambalo lilikuwa wazi kwa kila Mkenya isipokuwa, inaelekea, kwa waliokuwa wakiandaa majibu: nchi imejaa viazi, kwa nini msinunue hapa? Jibu lililotolewa ni kwamba wasambazaji wote lazima wapitie utaratibu wa kimataifa wa ubora, na utaratibu huo haurukwi.

Sina sababu ya kudhani jibu hilo lilikuwa uongo. Lakini viazi nchini Kenya ni zao la chakula linalofuatia mahindi, na mkulima wa Ol Kalou hakusikia neno "utaratibu." Alisikia kwamba viazi vyake havifai. Wito wa kuisusia KFC ukaenea nchi nzima kwa siku moja, na migahawa mingine ikapata tangazo la bure kwa kusifu viazi vya nyumbani. Kampuni ilikuwa Kenya tangu 2011, kwa hiyo swali la "hamjapata mkulima miaka yote hii?" nalo likafuata lenyewe. Kilichoanza kutuliza mambo ni ahadi ya kutafuta wasambazaji wa Kenya. Ufasaha haukuwa na nafasi pale.

Nakirudia kisa hiki kwa wanafunzi kwa sababu kinaonyesha mahali msemaji anapotakiwa kukaa. Ukiitwa baada ya uamuzi kufanyika ili "utengeneze maneno," umeshachelewa. Jibu lolote, kabla halijatoka, lisomee mtu ambaye litamuuma: mkulima, dereva, mama aliyelazwa, shabiki aliyelipa tiketi. Ukiona uso wake umebadilika, kaa chini uandike tena, na pengine mwambie bosi kwamba kinachotakiwa kubadilika si maandishi.

Siku ya moto yenyewe ina utaratibu wake. Kwanza simamisha posti zote ulizopanga mapema. Meta Business Suite, Buffer na Hootsuite ni watumishi watiifu, wataposti ofa ya wikendi hata kama nchi inalia; usiku wa Machi 17, 2021, Tanzania ilipotangaziwa kifo cha Rais John Magufuli, kila mwenye ratiba ya matangazo ya kesho yake alipaswa kuamka na kuifuta. Pili, mtu mmoja tu ajibu. Tatu, jibu la kwanza litoke mapema, liseme mnachokijua, mnachokitafuta na saa mtakayorudi kusema zaidi, kisha mrudi saa hiyo hata kama hamna jipya. Usifute maoni ya watu wanaolalamika, kwa kuwa picha za skrini zimeshachukuliwa. Futa matusi na taarifa binafsi za watu, basi. Watu wakikulaumu kwa Kiswahili cha mtaani, usiwajibu kwa Kiingereza cha wakili. Na ile tabia ya kumtishia sheria ya makosa ya mtandao mteja aliyekuta unywele kwenye pilau, iache kabisa. Watu mia walikuwa wameona unywele. Baada ya barua ya wakili watauona laki moja.

Usiweke kila kitu kwenye jukwaa moja. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita dunia nzima, na wapo wafanyabiashara waliogundua siku hiyo kwamba hawana namba ya mteja hata mmoja nje ya WhatsApp. Uganda ilizuia Facebook Januari 2021. Tanzania ilizuia X Mei 2025. Tovuti ndogo yenye jina linaloishia na .co.tz au .co.ke, pamoja na orodha ya barua pepe na namba za watu walioridhia, ni mali ambayo haizimwi na uamuzi wa mtu aliyeko California. Ukitaka kumfungulia mteja televisheni ya mtandaoni Tanzania, uliza mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kuhusu leseni kwanza.

Kiki sasa. Najua zinafanya kazi. Ugomvi wa kupanga kati ya wasanii wawili wiki moja kabla ya wimbo kutoka huleta watazamaji, na machawa watausambaza bila hata kuombwa. Lakini angalia kinachobaki: baada ya kiki ya tatu, msanii akiugua kweli mashabiki huuliza ni albamu gani inatoka. Kwa msanii wa miezi sita huenda ni biashara nzuri. Kwa hospitali, benki au shule ni kujichimbia. Na anayelipwa kusifia bidhaa aseme ni tangazo.

Programu za akili unde zinasaidia kupanga ratiba, kufupisha ripoti ndefu, kupendekeza vichwa vya habari. Kiswahili chake bado kina harufu ya tafsiri, kila kitu "kinaleta mapinduzi" na kila mteja "amejizatiti." Msomaji anaisikia harufu hiyo kabla ya wewe. Mikataba na siri za mteja usizimimine humo.

Mwisho wa mwezi mteja atauliza amepata nini. Usimpe hesabu ya "habari hii ingekuwa tangazo ingegharimu kiasi gani". Wanataaluma wa upimaji waliikataa hesabu hiyo tangu Kanuni za Barcelona za mwaka 2010, ingawa bado inapamba ripoti nyingi za Dar es Salaam na Nairobi. Wafuasi wapya waandike, lakini wasiwe kichwa cha habari. Kila kampeni iwe na kiungo chake ili uone waliobofya walitoka wapi, Instagram, redioni au gazetini. Andika maswali matano ambayo watu wameuliza zaidi kwenye ujumbe wa faragha. Andika kilichokwenda vibaya na mlichobadilisha. Kisha nenda kwa dada wa mapokezi, mpe daftari, na umwombe amwulize kila mgeni swali moja, "Umetusikia wapi?" Majibu ya daftari hilo yakipingana na michoro ya kwenye kompyuta, mimi ningeanza kuamini daftari.